Msichague Mji kwa Sababu ya Shangazi

Nimestaafu. Nalisema hili mwanzo kabisa ili asije mtu akanibebea vyeti vyake mpaka mlangoni, kama alivyofanya kijana mmoja mwezi uliopita, akanikuta nimejifunga kanga nakaanga visheti. Nilimkaribisha, akala, kisha akaniuliza swali lile lile mnaloniuliza nyote: "Bi Raya, mji gani mzuri Uingereza kwa mtu anayekwenda kusoma masters?" Nikamwambia amalize kula kwanza, maana jawabu lake refu.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Unguja niliyelelewa Deira, hapa Dubai. Sehemu kubwa ya umri wangu nimeimalizia katika ofisi moja ndogo Al Barsha, karibu na ile mall kubwa, nikiwashauri wanafunzi wanaokwenda vyuo vya Uingereza. Tulikuwa tukiwaandalia maombi, tukiwasaidia viza, na tukiwachagulia mji wa kukaa. Hilo la mwisho halikuandikwa kwenye bango la ofisi, lakini ndilo lililoniotesha mvi. Chuo mtu hukichagua kwa alama zake. Mji huuchagua kwa maneno ya watu, na Dubai hatuna upungufu wa maneno.

Aliyenifunza kazi ni Mkenya mmoja jina lake Nekesa, mtu wa Bungoma, aliyeanzia mapokezi ya hoteli kabla hajaja ofisini kwetu. Siku zangu za mwanzo nilikuwa namkalisha mtu kitini na kumuuliza kama anataka mji mkubwa au mdogo, wa baridi kali au baridi ya wastani. Nekesa alinisikiliza kutwa nzima, kisha tulipokuwa tunakula chakula cha mchana akaniambia, "Raya, hizo maswali zako ni za brosha. Mtu hajui anataka mji gani. Wewe muulize tu vile siku yake ya off huenda."

Sikumsikia mara moja, na aliyelipia ukaidi wangu ni kijana aitwaye Kibet. Kibet alikuwa mlinzi, akilala Muhaisnah kwenye majengo ya kampuni, chumba kimoja na wanaume wenzake, kila mmoja na zamu yake na kengele yake ya simu. Aliniambia anataka mji mtulivu. Nami nikamtafutia mji mtulivu: kijimji cha pwani kule Wales, chuo kizuri, mandhari ya kupendeza. Hata mwezi haukwisha, akanipigia. "Madam, huku saa kumi na moja jioni hata mbwa wameingia ndani. Naongea na kettle." Kumbe utulivu alioutaka ni wa kulala bila mtu kuwasha taa alfajiri. Tangu azaliwe hakuwahi kulala chumbani peke yake, na mimi sikumuuliza. Laiti ningemuuliza siku yake ya mapumziko, angeniambia anaimba kwaya asubuhi na kucheza mpira jioni, na ningejua kwamba huyu ni mtu wa watu. Aliokolewa na kanisa la pale lililokuwa linatafuta sauti ya chini kwenye kwaya yao ya wazee. Alimaliza vizuri, na mpaka leo kila Krismasi hunitumia picha ya kondoo.

Somo la pili la Nekesa ni hili, na mkisahau mengine yote, hili lishikeni. Habari za mji wa Uingereza haziulizwi mwezi wa saba. Mwezi wa saba kule jua halitaki kutua, watu wamejilaza kwenye majani, kila mji unapendeza. Muulize mtu mwezi wa kwanza, saa kumi na moja jioni, kiza kimeshatanda na mvua ile nyembamba inayoingia shingoni. Mtafute mwanafunzi aliyeko huko, mpigie simu ya video, umwombe atembee nayo kutoka chumbani kwake mpaka darasani. Usimwambie akuoneshe majengo. Mwambie akuoneshe duka anakonunua mkate, akuambie linafungwa saa ngapi, na akifika darasani umwangalie kama anatweta. Sheffield, kwa mfano, ni mji wa vilima, jambo ambalo brosha hazikuwa zikilisema. Nilipoanza kazi tulikuwa na brosha tu, na ndani ya brosha kila mwanafunzi anacheka chini ya mti. Nyinyi mna simu mkononi, basi zitumieni kwa jambo la maana.

Jingine nitakalowaambia halikumpendeza bosi wangu, tuliyekuwa tukimwita sir, kwa hiyo nalisema sasa nikiwa nyumbani kwangu. Ofisi kama yetu hulipwa na vyuo. Ukienda chuo tunachofanya nacho kazi, ofisi inapata chake. Si wizi, ndivyo biashara hii ilivyo. Lakini mshauri akikusifia mji mmoja tu tangu unaingia mpaka unatoka, mtajie mji mwingine uone uso wake unavyobadilika.

Halafu kuna haya mazoea yetu ya Dubai. Sisi hatutembei. Tunatoka kwenye ubaridi wa nyumba, tunaingia kwenye ubaridi wa gari, tunashukia kwenye ubaridi wa mall, tena tunajiita watu wa nchi ya joto. Ilifika wakati kila aliyetaka ushauri wangu nilikuwa namwambia ashukie metro, apitie sokoni anunue mchele na maziwa, aje ofisini kwa miguu na mifuko yake. Waliofika wamenuna niliwatafutia vyumba mlango kwa mlango na chuo. Na makoti, jamani, msinunue soko la Naif. Wauzaji wa Naif ni watu wangu na nawapenda, lakini koti la Naif linaweza kushindana na kiyoyozi tu. Nendeni na sweta, koti mkanunue huko huko, kwa mtu anayeijua mvua ya kwao.

Sasa nije kwenye kosa ambalo sijaliona kwa wanafunzi wanaotoka Nairobi wala Unguja, isipokuwa kwa sisi wa huku. Hapa watu chungu nzima wanafanya kazi Dubai na kulala Sharjah au Ajman, miji ya jirani, kwa sababu kodi ya huko ni nafuu au kwa sababu ndugu wako huko. Tumeona hivyo tangu utotoni. Kwa hiyo mtu wa Dubai akiambiwa chuo kiko mji huu, anauliza papo hapo alale mji gani mwingine. Nimewakatisha wengi tamaa hiyo. Lakini Bwana Seif alinishinda, na kisa chake ndicho kilichonifanya niandike haya.

Bwana Seif ni mtu wa Unguja kama mimi, ana ofisi ya kusafirisha mizigo Naif. Nyumba yake Deira haikosi mgeni. Jamaa wakija kununua bidhaa za kupeleka Zanzibar na Dar, hulala kwake, magodoro yakahamishwa, watoto wakabanana chumba kimoja, na hakuna aliyewahi kusikia neno. Dada yake, Bi Thuwaiba, anaishi Leicester miaka mingi, na yeye pia kila akija Dubai hufikia hapo hapo.

Binti wa mwisho wa Seif anaitwa Kauthar. Bibi yake alipopata kiharusi akapoteza usemi, Kauthar ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki, akimtazama mtaalamu akimfundisha bibi kutamka upya, neno kwa neno, mpaka siku bibi alipoweza kuomba chai. Tangu hapo mtoto hakutaka kazi nyingine ila hiyo. Aliomba vyuo kadhaa, vikamkataa, kimoja tu cha Sheffield kikamkubali. Alitakiwa athibitishe kabla ya wiki ile kwisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Na baba yake alikuja ofisini na sharti moja.

"Atakaa kwa shangazi yake Leicester," akasema. "Khalas."

Nikamkumbusha kwamba chuo kiko Sheffield.

"Treni ni saa moja tu, nimeangalia. Watu hawatoki Sharjah kila siku kuja Dubai? Na ile foleni yao?"

Nikamweleza kwamba ile saa moja ni ya treni peke yake. Kuna basi la kwenda stesheni, kuna kupanda vilima upande wa pili, kuna siku treni imefutwa na hakuna wa kumlaumu. Tena kozi ile ina mafunzo ya hospitali yanayoanza asubuhi na mapema, na akiyakosa mara kwa mara hamalizi.

"Basi asiende," akasema Seif, kwa upole kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa. Mtu mpole akisema hivyo huwa ameshaamua. Kauthar alikuwa amekaa kando yake, macho chini.

Kesho yake alirudi peke yake. Nilidhani atalia, kumbe amekuja na hoja. "Bi Raya, mimi shangazi nampenda. Lakini anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mchana ndio analala. Ana wanawe wawili wakubwa ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Mimi nitakaa wapi? Nitamtesa tu."

"Umemwambia baba?"

"Nikimwambia ataona nataka kukaa peke yangu nifanye ninayoyataka. Na shangazi akisikia, ataona mtoto wa kaka yake kaikataa nyumba yake."

Nilimwambia aende zake, aniachie. Kwa kweli sikuwa na la kufanya, ila mtoto alihitaji kusikia neno hilo. Nilipokuwa peke yangu nikampigia Bi Thuwaiba, nikajidai nataka kujua habari za treni. Tulisalimiana, tukaulizana wazima na wagonjwa, na hata sijaulizia treni akasema, "Kauthar aje, aje, nyumba yake hii. Nimeshamwambia kaka."

Sasa vijana, sikilizeni ujuzi wa kazi. Mtu akikukaribisha hivyo, usimuulize kama kweli anataka. Jawabu ni ndiyo, na litakuwa ndiyo mpaka Kiyama. Muulize kitu cha kushikika. Nikamuuliza, "Atalala chumba gani, ili nimwambie anunue shuka za ukubwa gani?"

Nikamsikia Bi Thuwaiba akivuta kiti.

"Sebuleni, mwenzangu," akasema mwishoni. "Atalala wapi tena? Na mimi narudi asubuhi, miguu imevimba, nataka nilale nyumba iwe kimya. Watoto wangu wenyewe nawafukuza. Sijui itakuwaje, wallahi sijui. Lakini kaka'ngu asijue. Mimi nikija Dubai analala chini yeye na mkewe wanipishe kitanda. Leo nimwambie sina nafasi ya mwanawe? Naona haya." Akaniapisha nisiseme.

Nikakata simu nikiwa na siri mbili za watu wawili wanaotaka jambo moja, na kila mmoja amenifunga mdomo. Maji yalinifika shingoni. Zilikuwa zimebaki siku chache tu Kauthar apoteze nafasi yake, na wa kuiokoa ni mimi, na siruhusiwi kufungua mdomo.

Alibaki Seif. Nikamwita aje ofisini anywe chai, yeye peke yake. Alifika amechoka, macho mekundu, nikajua na yeye usingizi umemruka. Nikamuuliza kitu cha kushikika. "Seif, Kauthar asipokaa kwa Thuwaiba, unamwogopea nani? Kauthar au Thuwaiba?"

Akakoroga chai ambayo hata sukari haina. "Wewe Bi Raya una maneno," akasema. Kisha akasema lililokuwa moyoni. Kauthar hamwogopei, anamjua mwanawe. Lakini dada yake atasemaje? Mtoto wa kaka amekuja mpaka Uingereza, akapita mlangoni kwa shangazi yake, akaenda kupanga chumba kwa watu baki. "Ataona nimeidharau nyumba yake. Dada'ngu ataumia na hataniambia."

"Basi muulize kama angependa akae kwake."

"Haulizwi mtu hivyo. Ukimuuliza tu, umeshamwonyesha una shaka."

Na alisema kweli, maana ndivyo tulivyolelewa. Wote watatu walikuwa wakistahiana, na kwa staha hiyo walikuwa tayari mtoto alale sebuleni na mwenye nyumba akose usingizi, au nafasi ya masomo ipotee kabisa. Sikucheka, ingawa leo nacheka. Nilikaa nikamtazama anavyokoroga ile chai, na hapo nikaona njia. Kama swali haliulizwi, tuliache. Thuwaiba aombwe jambo jingine, kubwa zaidi, ambalo analiweza.

Nikamwambia, "Mwombe ampokee uwanja wa ndege yeye mwenyewe, asimwachie mtu. Mwombe amkalishe kwake siku za mwanzo, amfunze mji, amnunulie koti. Mwambie Idi zote na likizo zote ni zake, na Kauthar asipofika amgombeze. Mkabidhi mtoto. Habari ya alale wapi siku za masomo, itaje kama kitu kidogo tu, pembeni."

Seif akatoa simu akaiweka mezani, akafungua sauti nisikie, nadhani alitaka shahidi.

"Dada, mwanangu namkabidhi kwako," akaanza. Akayasema yote kama tulivyopanga, uwanja wa ndege, koti, Idi, mpaka akafika mwisho. "Siku za masomo chuo kitampa chumba huko huko Sheffield, jengo la wasichana. Lakini wewe ndiye mama yake huko. Hilo ndilo ninalokuomba."

Nikawaza, nimemharibia mtoto, nimewagombanisha ndugu, na sir atanifukuza juu yake.

"Ana chumba Sheffield?" akauliza Bi Thuwaiba.

"Atapata, inshallah."

Basi yule mama alishusha pumzi. Aliishusha kwa muda, tukaisikia kutoka Leicester mpaka Al Barsha, na baada yake ndipo ikaja alhamdulillahi. Alipogundua tumemsikia, akaanza kuongeza maneno mbio mbio, kwamba si kama hamtaki, nyumba ni yake, mlango uko wazi. Seif alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini chini kilichomtikisa mabega, na dada yake akamsikia, na yeye akaangua kicheko huko aliko. Walicheka mpaka Seif akavua kofia akajifutia macho. Hakuna aliyemweleza mwenzake kitu. Mimi nilikwenda kumpigia simu Kauthar athibitishe nafasi yake, na kwa furaha nikabonyeza namba ya mtu mwingine kwanza.

Kauthar akaenda. Alikaa Sheffield, akapanda vilima vyake, akilalamika kila wiki. Mwisho wa wiki akitaka mwenyewe alipanda treni kwenda Leicester, na shangazi yake akimpikia pilau kwa sababu amekuja mgeni, si kwa sababu yuko sebuleni kila akifumbua macho. Nimeona wengi waliokaa kwa jamaa wakaharibikiana, mwenyeji amechoka na mgeni amejikunyata, na hakuna anayeweza kusema. Hawa walipendana zaidi.

Kwa hiyo mkiniuliza mji, nitawajibu hivi. Kozi nyingi za uzamili kule ni fupi, na muda wa kuuzoea mji kwa tabu hamna. Laleni karibu na chuo. Anayewapenda kule mfanyeni mahali pa kukimbilia Ijumaa jioni, akiwa na nguvu na nyinyi mna hamu. Na kabla hamjamkubalia mtu anayewakaribisha kwa moyo wote, muulizeni ukubwa wa shuka.

Kauthar alipomaliza, Seif alikwenda kuhudhuria mahafali. Kabla ya safari alinijia nyumbani, akazunguka zunguka na habari za mizigo, mwisho akaniuliza afikie kwa dada yake au hotelini, maana hataki kumchosha wala kumuudhi. Nilikuwa nimeshastaafu, na kazi hiyo nilikuwa nimeshaiacha. Nikamwambia, "Simu unayo."

Alitoka akaenda kusimama karibu na lifti, nikamwona kupitia mlango ulioachwa wazi, amenipa mgongo, simu sikioni. Aliporudi alikuwa anang'ara uso mzima. "Nimemuuliza hivi hivi," akasema. "Nimemwambia, dada, nije kwako au nipange hoteli? Unajua amenijibu nini?"

"Nini?"

"Hoteli, kaka." Akakaa kitini kwangu, akajinyoosha, akacheka. "Tangu tuzaliwe, Bi Raya, leo ndiyo mara ya kwanza dada'ngu kunikatalia kitu."